Mdomo wa Bomba

Profesa Verdiana Masanja hutajwa karibu kila mara kwa sentensi moja: Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Sentensi ni ya kweli, na heshima iliyomo ni haki yake. Kinachonisumbua ni kwamba watu wakishaitamka huhamia jambo jingine. Makofi yanapigwa, picha inapigwa, na hakuna anayeuliza mama huyu alikuwa akihesabu nini. Nataka kuuliza, tena nataka kuuliza bila haraka, kwa kuwa kazi yenyewe haikufanywa kwa haraka.

Alikuwa akihesabu mwendo wa vimiminika ndani ya bomba.

Ukiwa Tabora jibu hilo si la kushangaza. Mji huu umeishi miaka mingi kwa kuhesabu maji: bwawa la Igombe likijaa watu wanapumua, likishuka madumu yanapangwa foleni. Siku hizi tunapata maji ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele wilayani Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa hadi Solwa, kisha yanashuka kusini kupitia Nzega mpaka kufika kwetu, safari ya mamia ya kilomita ndani ya chuma. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa magharibi, uko mji wa Bukoba, na huko ndiko alikozaliwa Verdiana Kashaga mwaka 1954, miaka saba kabla ya Uhuru. Masanja ni jina alilolipata baadaye.

Na hesabu yenyewe si mgeni Unyamwezini. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh Novemba 1857, mahali ambapo leo pamo ndani ya Tabora, walikuta njia panda ya biashara iliyokuwa hai kwa sababu watu wake walijua kuhesabu. Njia kuu ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe. Kutoka hapa mkono mmoja ulikwenda magharibi hadi Ujiji, na mwingine ulipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, ukipita katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Kagera, mkoa wa profesa wetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi, karibu kilo 32. Msafara wa wapagazi 500 ulikuwa basi unatembeza tani 16 za pembe, merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba juu ya mabega ya watu, na pembeni wake wa wapagazi wakiwa na vyungu na chakula. Katika kupima nguo, shuka 2 zilifanya doti 1, doti 1 ilikuwa mikono 8, na mkono ulipimwa kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana mikono ya watu hailingani.

Aliyepokea marobota 100 pwani alipaswa kuweza kusema njiani wakati wowote: haya yamekwenda kwenye hongo, yaani ushuru wa njia, haya yamenunua mtama, haya yameibwa au yameloa mtoni, na haya ndiyo yaliyobaki. Jumla isiporudi 100, kuna jambo halijasemwa. Kilichoingia, ukitoa kilichotoka, ndicho kilichobaki. Nimeiweka kanuni hii hapa mapema kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayoanzisha hisabati ya vimiminika. Mtaalamu anachora kijisanduku kidogo ndani ya bomba na kudai hesabu: ni kiasi gani kimeingia upande huu, ni kiasi gani kimetoka upande ule? Akishamaliza uzito wa kimiminika anaendelea na msukumo wake, kwa utaratibu uleule. Mengine yote yanajengwa juu ya madai hayo mawili.

Maisha ya kazi ya Masanja naweza kuyapita upesi, kisha nirudi kwenye bomba, maana huko ndiko kulikonivuta.

Alisoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1976, wakati chuo chenyewe kikiwa na miaka sita tu tangu kisimame peke yake mwaka 1970. Shahada ya uzamili aliipata papo hapo Mlimani mwaka 1981. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, katika Berlin ya Magharibi, mji uliokuwa bado umezungukwa na ukuta, na akamaliza uzamivu mwaka 1986. Akarudi Mlimani, akafundisha, akapanda ngazi hadi uprofesa.

Berlin ni mji wenye historia yake katika suala la wanawake na hisabati. Mwaka 1870 mwanamke Mrusi, Sofia Kovalevskaya, alifika huko kutafuta kusoma hisabati, na chuo kikuu kilimkatalia hata kuketi darasani na kusikiliza. Karl Weierstrass, mwanahisabati mkubwa wa wakati ule, alimpa maswali magumu ili amwondoe kistaarabu; alipoyaona majibu alimfundisha mwenyewe nyumbani kwa miaka minne. Shahada ya uzamivu ilitolewa na Göttingen mwaka 1874, na uprofesa alikuja kuupata Stockholm, kwanza kwa muda mwaka 1884, kisha wa kudumu mwaka 1889. Huko Göttingen kwenyewe, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Emmy Noether alikuwa akifundisha bila mshahara, na masomo yake yakitangazwa kwa jina la David Hilbert. Afrika ilimpata Grace Alele-Williams wa Nigeria, aliyepata uzamivu wake Chicago mwaka 1963 na baadaye akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Benin. Ukiipanga miaka hiyo kwenye mstari mmoja unaona kwamba mwaka 1986 wa Masanja haukuja kwa kuchelewa kwetu pekee. Milango ya taaluma hii imekuwa mizito kila mahali.

Katika miaka ya 1990 alikuwa mratibu wa Tanzania wa mradi wa FEMSA, ulioangalia elimu ya wasichana katika hisabati na sayansi, na ulioanzia katika nchi nne: Cameroon, Ghana, Tanzania na Uganda. Ameandika mengi juu ya wanawake katika sayansi, na mwaka 2010 aliwaandikia wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya suala hilo hilo kwa Afrika nzima. Baadaye alihamia Rwanda, akafundisha na kusimamia utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa Chuo Kikuu cha Kibungo, kabla ya kurudi nyumbani kwenye Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Mtu aliyefundisha Dar es Salaam akahamia nchi ambayo mwaka 2008 iliamua kuhamisha masomo yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kufundisha wanafunzi wanaobadilishiwa lugha. Mtoto wa Kitanzania naye hujifunza kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS) kwa Kiswahili, kisha akivuka kuingia kidato cha kwanza anaambiwa aanze upya kwa Kiingereza. Wengi hupotea katika kivuko hicho, na hisabati ndiyo somo linaloangusha wanafunzi wengi kuliko yote katika mtihani wa kidato cha nne. Hapa Tabora tunajisifu kwa shule zetu, Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, Kazima, na tuna sababu ya kujisifu. Hata Mwalimu Nyerere alisoma hapa na kufundisha hapa. Lakini ukizungumza na walimu wa hesabu wa mji huu, kivuko kile kinatajwa kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa bomba.

Tasnifu ya uzamili ya Masanja, ukiiweka mada yake kwa Kiswahili, ilihusu athari ya kupenyeza kimiminika kupitia ukuta wa bomba la mviringo, wakati mtiririko tulivu wa kimiminika cha aina ya Reiner na Philippoff ukiwa bado haujakomaa. Mtu anaweza kuusoma mstari huo na kuona maneno mazito tu. Mimi naona mambo manne, kila moja likiwa ugumu uliochaguliwa kwa makusudi, na napenda kuyafungua moja moja.

La kwanza ni utulivu. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji yanayotembea ndani ya bomba la kioo. Maji yakienda polepole, rangi ilibaki uzi ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Alipoongeza kasi, ghafla uzi ulitetemeka, ukakatika, rangi ikachanganyika na maji yote. Alionyesha kwamba badiliko hilo linategemea namba moja inayopatikana kwa kuzidisha kasi, kipenyo na uzito wa ujazo wa kimiminika, kisha kugawanya kwa mnato. Namba hiyo ikiwa chini ya 2,000 hivi, kimiminika huenda kwa matabaka, kila tabaka likiteleza juu ya jirani yake. Ikipita sana hapo, ni vurugu. Maji yanayotujia kutoka Solwa yamo katika vurugu muda wote: bomba ni pana na maji ni mepesi. Vimiminika vizito, au vinavyopita kwenye mirija myembamba, ndivyo vinavyotembea kwa matabaka, na humo ndimo hisabati inaweza kufuata kila hatua bila kubahatisha.

La pili ni kimiminika chenyewe, na hapa Tabora ina vielelezo viwili vizuri kuliko maabara nyingi.

Chukua asali yetu ya miombo. Ni nzito, na asubuhi ya Julai inakataa hata kushuka chupani. Lakini uzito wake ni mwaminifu. Kwa joto lilelile, ukiikoroga polepole au kwa haraka, mnato wake unabaki uleule: ukiongeza kasi ya mwiko mara mbili, ukinzani nao unaongezeka mara mbili, basi. Kwa maana hiyo asali ni ndugu wa maji. Vyote viwili vinafuata kanuni nyepesi ya Newton, namba moja ya mnato inatosha kuvieleza, na tofauti yao ni ukubwa wa namba hiyo.

Sasa chukua uji wa ulezi uliokaa sufuriani dakika chache. Ukiuchokoza kidogo kwa mwiko unakaza, kana kwamba ni mzito sana. Koroga kwa nguvu, unalegea. Mimina, unashuka vizuri. Ukiuacha utulie, unakaza tena. Hakuna namba moja ya mnato wa uji. Mnato wake unategemea unavyosukumwa. Damu iko hivyo. Rangi ya ukuta iko hivyo, na ndiyo maana inatandazika chini ya brashi lakini haitiririki ukutani ukiondoa mkono. Wanga mbichi wa mahindi uliochanganywa na maji kidogo unafanya kinyume: ukiutia kidole taratibu kinazama, ukiupiga ngumi unakuwa mgumu. Kila mpishi anayajua haya kwa kiganja. Kazi ya mwanahisabati ni kuyaandika kwa mlinganyo unaoweza kutabiri.

Wladimir Philippoff katika miaka ya 1930, na Markus Reiner, mmoja wa waasisi wa taaluma nzima ya vitu vinavyotiririka namna hii, wanatajwa pamoja kwa kimiminika chenye tabia ya pekee. Kikisukumwa kwa ulegevu mno, kina mnato mmoja thabiti kama asali. Kikisukumwa kwa nguvu mno, kina mnato mwingine thabiti, tena kama asali. Katikati ya hali hizo mbili ndimo mnato unamohama kutoka thamani moja kwenda nyingine. Hebu fikiria maana yake ndani ya bomba: katikati ya bomba msuguano ni hafifu, ukutani ni mkali, kwa hiyo katika mkato mmoja wa bomba una kimiminika kinachofuata sheria ya kwanza katikati, sheria ya pili ukutani, na mpito usiotulia kati yao. Kuchagua kimiminika cha namna hii kwa tasnifu ya uzamili ni ujasiri ninaouheshimu sana.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: mtiririko ambao haujakomaa.

Katika bomba refu, mbali na mahali kimiminika kilipoingilia, mambo huwa mepesi kupita kiasi. Chukua nguzo ya kimiminika iliyo katikati, yenye nusu kipenyo chochote unachotaka. Hakuna kinachoongeza kasi wala kupunguza, kwa hiyo nguvu zote zinazoigusa zimesawazishana. Nyuma inasukumwa na shinikizo, ubavuni inavutwa na msuguano. Shinikizo linafanya kazi juu ya duara, msuguano unafanya kazi juu ya ubavu, na ukilinganisha viwili hivyo mistari miwili ya hesabu inakupa jibu: msuguano unakua sawia na umbali kutoka katikati. Sifuri katikati, mkubwa kabisa ukutani, na kati yao mstari ulionyooka. Angalia kilichotokea: hatukusema kimiminika ni kipi. Jibu hilo ni la maji, la asali, la uji na la damu. Ndiyo akili ya taaluma hii, kutenganisha yale yaliyo kweli kwa kila kimiminika na yale yanayokihusu kimoja tu, na kuchelewa kadiri iwezekanavyo kutaja jina la kimiminika. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma hisabati ya juu anazo zana zote za kufika hapo.

Ukishataja jina, kama ni asali au maji, unapata umbo la kasi: parabola, huku sehemu ya katikati ikiwa na kasi mara mbili ya wastani na ile iliyogusa ukuta ikiwa imesimama kabisa. Gotthilf Hagen, mhandisi Mjerumani, mwaka 1839, na Jean Poiseuille, daktari wa Paris aliyekuwa akitafuta siri za mzunguko wa damu, kila mmoja kwa njia yake na karibu wakati mmoja, walipima na kukuta kwamba kiasi kinachopita kinafuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kwa shinikizo lilelile, kinapita mara 16. Huo ndio uzuri wa mtiririko uliokomaa, na vitabu vya mwanzo husimama hapo.

Sasa nenda mdomoni mwa bomba. Kimiminika kinaingia kikiwa na kasi moja kila mahali, cha katikati na cha pembeni sawa. Papo hapo ukuta unakamata tabaka linalougusa na kulisimamisha. Tabaka la pili linaanza kuvutwa na la kwanza, la tatu na la pili, na habari za ukuta zinasafiri kuelekea katikati polepole huku kimiminika chote kikiendelea kwenda mbele. Lakini kilichoingia lazima kitoke. Pembeni kukipungua kasi, katikati lazima paongezeke, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo katikati panaharakishwa, shinikizo linashuka kwa kasi zaidi kuliko kwingineko, na usawa ule mzuri wa nguzo yetu haupo tena, kwa kuwa sasa kuna vinavyoongeza kasi na vinavyopunguza katika mahali pamoja. Hali hii inaendelea mpaka habari za ukuta zifike katikati. Kwa kimiminika cha Newton katika bomba la sentimita 2, namba ya Reynolds ikiwa 1,000, inachukua kama mita 1.2 kabla parabola haijakamilika. Katika bomba la Solwa mita moja si kitu. Katika mshipa mfupi wa damu, au katika mashine ya kiwandani ambayo bomba lake zima halifiki mita moja, sehemu ya mdomo ndiyo bomba lote.

Wengi huanza hesabu mahali mtiririko umekwisha kukomaa, maana huko karatasi ni nyeupe na jibu ni fupi. Masanja aliuchukua mdomo.

Na la nne, ukuta wenyewe unapitisha. Ukuta wenye vitundu unaoingiza kimiminika zaidi kutoka pembeni, kitu kinachotokea katika uchujaji na katika njia za kupoza mitambo, unavuruga hata uhakika wa mwisho uliokuwa umebaki, kwamba kiasi kinachopita ni kilekile kila mahali. Sasa bomba linazidi kubeba kadiri unavyokwenda mbele. Kile kinachopenyezwa kinasukuma tabaka la ukutani kuelekea ndani, wakati ukuta unajaribu kulishika. Mambo manne, kila moja likimnyima mhesabu msaada mmoja aliozoea kuutegemea.

Tasnifu ya Berlin, ya mwaka 1986, iliendelea ndani ya bomba lilelile la mviringo lakini ikabadili kimiminika na kubadili zana. Kimiminika kilikuwa cha Reiner na Rivlin. Reiner alikiandika mwaka 1945 na Ronald Rivlin akakifikia kwa njia yake miaka michache baadaye. Hapa ugumu hauko katika mnato unaobadilika. Uko katika pande. Maji yakisukumwa mbele, ukinzani wa msuguano uko kwenye mstari uleule wa mwendo. Kimiminika cha Reiner na Rivlin kikikatwa na mwendo kinasukuma pia pembeni, upande ambao hakuna aliyekisukuma. Katika mlinganyo hilo huonekana kama kipande kimoja cha ziada, mwendo ukizidishwa kwa mwendo, na kipande hicho kimoja kinatosha kuharibu karibu kila njia ya kupata jibu kwa kalamu.

Hapo ndipo zana inapobadilika, na kazi inakuwa ya kompyuta. Nadhani watu wengi wanapofikiria kompyuta wanafikiria kwamba mtu anabonyeza na jibu linatoka. Kazi ya namna hii huanza kwa kuondoa. Bomba ni la mviringo na kila kitu kinafanana ukizunguka mhimili wake. Basi huhitaji kuhesabu mzunguko wote, unahitaji mkato mmoja kutoka katikati hadi ukutani. Vipimo vitatu vinakuwa viwili, na kwa mashine za miaka ya 1980 punguzo hilo ndilo linaloamua kama hesabu itakamilika au la. Uamuzi huo umo katika jina la tasnifu yake kwa neno moja tu la kitaalamu.

Kisha mkato huo unagawanywa kwa wavu. Tuseme vituo 50 kutoka katikati hadi ukutani, na 200 kwa urefu: pointi 10,000. Kila pointi ina kasi ya mbele, kasi ya pembeni na shinikizo, kwa hiyo namba 30,000 zisizojulikana, na kila moja imefungwa na majirani zake kwa kanuni ileile ya kilichoingia na kilichotoka. Kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa mwendo, huwezi kuzipata zote kwa mkupuo. Unakisia, unahesabu, unalinganisha, unasahihisha, unahesabu tena, mpaka kisio na jibu vikutane. Wakati mwingine havikutani. Namba zinakua bila kikomo, na mtu anapaswa kujua kama kosa liko katika fizikia, katika mlinganyo, katika wavu ulio mpana mno mahali ambapo kasi inabadilika haraka, au katika alama moja ya kutoa iliyoandikwa kujumlisha. Mdomoni mwa bomba, karibu na ukuta, ndiko wavu unakotakiwa kuwa mwembamba zaidi, na ndiko wavu mwembamba unakogharimu zaidi.

Ufundi unajulikana kwa namna mtu anavyojihakikishia. Programu inaweza kutoa namba nzuri, zenye umbo laini, na zote zikawa si kweli. Kwa hiyo mhesabu makini, kabla hajaiamini kwa jambo lolote jipya, anaifanyia mitihani ambayo majibu yake yanajulikana. Anakiweka kile kipande cha ziada cha Reiner na Rivlin kuwa sifuri, ili kimiminika kirudi kuwa cha kawaida, na kuangalia: je, mbali na mdomo parabola inatokea? Je, katikati kasi ni mara 2 ya wastani, si 1.9, si 2.1? Je, urefu wa kukomaa unafika pale unapotarajiwa? Je, kilichoingia mdomoni ndicho kilichotoka mwishoni, kwa kila mkato, bila hata tone kupotea? Kisha anaugawa wavu kwa mbili na kufanya yote upya, kuona kama jibu linasimama au linahama pamoja na wavu. Jibu linalohama na wavu ni la wavu, si la bomba. Ni kazi ya majuma, na kazi hii haionekani katika kurasa za mwisho, ambako kunabaki michoro michache na jedwali.

Mitihani hiyo yote ikipita, na hapo tu, ndipo kipande kilichowekwa sifuri kinarudishwa: kwanza kwa thamani ndogo kabisa, jibu la jana likitumika kama kisio cha leo, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi, na kila mara ukirudi mdomoni kutazama tabaka la ukutani limefanya nini safari hii.